Hata Nzi Walilala

4 Februari

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na vumbi la mawe yenu halijakushika kifua. Sisi hatujambo. Goti la mama yako linagoma asubuhi, likipata jua linasahau ugomvi. Anakusalimu, anasema uongeze kula.

Nimesikia redioni kwamba taasisi yenu ya miamba itafungua milango kwa wananchi, na mkurugenzi atazungumza juu ya majanga ya kale. Nilimwaga chai! Hayo mimi nayasema tangu wewe hujaota meno. Wazee wetu hawakuwa na magazeti, walikuwa na hadithi. Mtu haketi tu akabuni kwamba jua lilipotea, au mbingu ilidondosha moto, au maji yalipanda mpaka mlimani. Waliona. Maneno yakawapiga chenga, wakasema zimwi, wakasema nyoka, wakasema bibi.

Chukua ziwa letu hapa. Bibi wa Ziwa alilala chini kabisa, amefumba mdomo. Siku moja akageukia upande wa pili, maji yakawa mekundu, akapumua. Bonde zima likalala: watu, mbuzi, kuku, hata nzi. Waliopona ni wale waliokuwa juu ukingoni wakiezeka nyumba. Na sisi wajuaji tumejenga bweni la shule wapi? Bondeni, pale pale. Kwa maoni yangu ile ilikuwa nyota yenye mkia iliyoanguka ziwani, kama ilivyoanguka katika hadithi zote za dunia, na nitamweleza mkurugenzi wako hivyo hivyo. Nakuja. Mama yako anasema nikifa niandikiwe kaburini: "Aliinua mkono."

Baba yako


11 Februari

Shikamoo baba,

Mimi mzima, kazi tu zinanikimbiza. Mpe mama pole ya goti, mwambie nakula.

Baba, karibu sana. Ila nakuomba kitu, na usinielewe vibaya. Njoo, keti, sikiliza. Ukumbini kutakuwa na watu wa vyuo, na watu hao subira yao ni fupi kama mkia wa mbuzi. Yale ya nyota tuyazungumze mimi na wewe baadaye, tukila. Mimi bado ni mgeni hapa, hawajaniajiri moja kwa moja. Na lile koti lako la kijani, baba, liache lipumzike.

Mwanao


2 Machi

Shikamoo baba,

Nimepiga simu, mama akasema umelala. Mchana kweupe! Wewe hulali mchana. Nikajua.

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo nitasema kama ilivyokuwa. Mimi ndiye niliyekuwa nazungusha kipaza sauti kwa wenye maswali. Nilikuona umeinua mkono. Nikajifanya sijakuona, nikampelekea mwingine, na mwingine tena. Mkono haukushuka. Mkurugenzi mwenyewe akasema, "Mpe yule mzee mwenye koti la kijani."

Ulianza vizuri, baba. Ulipofika kwenye Bibi kugeuka, watu wakaanza kutazamana. Ulipofika kwenye mkia wa nyota mmoja akacheka, na kicheko ni kama moto wa nyasi kavu. Ukanyamaza ukangoja watulie, kama ulivyokuwa ukingoja darasa. Hawakutulia. Ukanirudishia kipaza sauti, ukasema, "Asante, binti." Hukusema mwanangu. Ulikuwa unanisitiri, nimekuja kuelewa baadaye.

Ndipo mwenzangu aliponiinamia akauliza, "Unamfahamu mzee huyu?" Nikajibu, "Simfahamu."

Kipaza sauti kilikuwa wazi, chini ya kidevu changu. Spika zote za ukumbi zikasema simfahamu. Hukugeuka. Uliokota kofia yako, ukawaambia waliokaa jirani nawe, "Samahani, nipisheni," ukatoka. Sikukufuata. Kuna mtu alikuwa ameinua mkono upande wa pili, nikampelekea kipaza sauti.

Nisamehe, baba. Nikifumba macho naisikia sauti yangu mwenyewe.

Mwanao


20 Machi

Kwa Bibi Mtaalamu,

Salamu. Nilifika salama. Mama yako nilimwambia niliwahi kuondoka kwa sababu ya basi, na wewe usimwambie vingine.

Huna haja ya kuomba radhi. Najua shuleni walikuita Binti Kimondo, kwa sababu yangu na nyota zangu za kuanguka. Siku moja ulirudi unalia, mimi nikacheka, nikakwambia kimondo ni kitu cha fahari, angani hakina mwenzake. Nilikuvisha jina zito bila kukuuliza kama linakutosha. Mtu akilivua, nani wa kumlaumu?

Nakutakia kazi njema.

Mwalimu mstaafu


23 Aprili

Mwanangu,

Sikutaka kukuandikia, lakini utasikia kwa watu, na watu hawana breki. Afadhali usikie kwangu.

Juzi mvua ilinyesha ya kufa mtu. Ilipokatika nikashuka ziwani kutazama, na ziwa lilikuwa jekundu. Jekundu, mwanangu, kama maji ya kuoshea nyama. Nilikimbia mpaka shuleni kwa miguu hii unayoijua. Nikapiga kengele mwenyewe, nikapaza sauti, "Wote juu! Ukingoni! Acheni viatu!" Wakanitii, masikini, maana sauti ya mwalimu hata akistaafu haistaafu. Njia ilikuwa tope tupu. Msichana mmoja wa darasa la tatu akateleza, wenzake wakamwangukia, mkono ukavunjika. Nilisikia mfupa ulivyolia, kama kijiti.

Tulikaa kule juu tunalitazama ziwa. Halikufanya lolote. Baadaye akapita fundi wa barabara, akauliza tunangoja nini. Akacheka akasema ule wekundu ni udongo wao, ukingo wa barabara waliouchimba umeporomoka na kuingia ziwani. Udongo tu.

Mwalimu mkuu, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kushika kalamu, alinisimamisha mbele ya watoto wote. "Mwalimu, nakuheshimu. Lakini usikanyage tena hapa." Watoto walikuwa wananitazama miguu, sijui kwa nini miguu. Nilikuwa peku, nimejaa tope mpaka magotini.

Sitoki tena. Mama yako ndiye anayekwenda sokoni, na goti lake. Mama wa yule mtoto alikutana naye akatema mate pembeni. Nadhani ulisema kweli kule ukumbini. Mzee yule hata mimi simfahamu.

Usijibu barua hii.

Baba yako


6 Mei

Shikamoo baba,

Umeniambia nisijibu. Mara hii nitakukosea adabu. Unaendeleaje? Unakula? Mpe pole yule mtoto, hata kama ni kwa kupitia dirishani.

Sikiliza. Baada ya siku ile ukumbini, kitu kimoja katika maneno yako kilinikatalia kulala: nzi. Mtu anayetunga hadithi ya kutisha ataua mfalme, ataua jitu, atamaliza ng'ombe wote. Nani atakumbuka kuua nzi? Nzi ndio wanaokuja watu wakishakufa. Aliyesema hata nzi walilala alishuka bondeni akaona miili imekaa kimya, bila mvumo wowote juu yake. Hilo halitungwi, baba. Hilo mtu aliliona likamkaa.

Nikaomba tuje kupima ziwa. Kwenye maombi niliandika "masimulizi ya mkazi mmoja". Ndiyo, mkazi mmoja. Na lililo baya zaidi: tulikuja wiki iliyopita, tukaingia na mashua kutoka ng'ambo ya pili. Niliuona mlango wetu. Nilimwona mama anaanika nguo. Nikainamia kamba nikajifanya naipima. Sikuwa na uso wa kuja.

Tulishusha chupa mpaka chini kabisa. Ilipotoka juu na kufunguliwa, ilifoka povu kama soda iliyotikiswa, ikamlowesha mkurugenzi mpaka miwani. Hakucheka mtu. Chini ya ziwa kuna hewa nzito, imebanwa na uzito wa maji. Maji ya chini yakipinduka, hewa ile hutoka yote kwa mara moja, hutambaa chini kama maji yanavyofuata mfereji, huzima moto, huzima watu. Aliye juu ukingoni hupona. Na tope tulilochimbua chini lina tabaka moja lililovurugika vibaya, maana yake ziwa limewahi kugeuka. Bibi aligeuka, baba.

Nyota hakuna. Hatukuona dalili yake hata moja, na hilo nitalisema wazi. Na wekundu: maji ya chini yakipanda huwa mekundu kwa kutu ya chuma iliyomo, kwa hiyo hadithi haikusema uongo. Wewe siku ile uliona udongo. Ulikosea siku, na mtoto akaumia, siwezi kulifuta hilo. Lakini bweni lile halifai kuwa pale.

Kuna mkutano wa wazazi Jumamosi ijayo. Nakuja. Nakuomba na wewe uje.

Mwanao


17 Mei

Shikamoo baba,

Tumefika salama, gari lilituzimikia njiani tukasukuma. Mwambie mama chupa ya chai niliisahau nyumbani makusudi, nije kuifuata.

Sikupata nafasi ya kuzungumza na wewe, mkurugenzi alikuwa ananihimiza, na mama alikuwa amenishika mkono kama mwizi. Ulikaa nyuma, karibu na mlango, kofia magotini. Niliposimama nilikuwa nimepanga kusema, "Mimi ni mtafiti kutoka taasisi." Nikasema, "Mimi ni Binti Kimondo. Mzee aliyekaa pale mlangoni ni baba yangu." Nikayasema yote: nyota siyo, udongo siyo, hewa ndiyo, na kwamba bila hadithi yake tusingepeleka hata kamba kwenye ziwa lile.

Mama wa yule mtoto aliuliza, "Kwa hiyo mkono wa mwanangu ulikuwa wa bure au haukuwa wa bure?" Nililiandika swali lake pembeni ya karatasi yangu, bado liko hapo.

Sasa nikwambie jambo ambalo hukuliona, kwa sababu sitaki unishukuru kwa nisichostahili. Kuna kijana aliyesimama dirishani alicheka nilipotamka jina lile. Nikasikia uso unaniwaka, sawasawa na siku ya ukumbi. Nilitamani kukaa. Nilisimama kwa ajili ya watoto, baba. Kama ungekuwa wewe peke yako, bila chupa ile kufoka, bila mkurugenzi kulowa, sijui kama ningesimama. Naogopa kwamba ningekaa.

Mwanao


1 Juni

Mwanangu,

Sisi wazima. Goti la mama yako limepata dawa ya kuchua, nyumba nzima inanuka kama zahanati. Chai anakuwekea, anasema chupa haitoki hapa.

Taasisi yenu imeandika kwamba wataweka bomba la kuitoa hewa ile kidogo kidogo, wakipata ruhusa. Wazazi hawakungoja ruhusa. Jumamosi magodoro yote ya bweni yalipanda ukingoni, yamewekwa kwenye ghala la zamani la mbegu. Nami nilibeba. Mwalimu mkuu aliniona, hakusema karibu, hakusema toka. Alinipa godoro la pili.

Kwa yule mtoto nimekwenda. Mama yake alinifungulia, akaniacha nimesimama kizingitini. Mtoto akaniambia plasta inawasha. Nikamwambia samahani. Akasema, "Ulishasema siku ile, Mwalimu." Mama yake hajaniambia keti, na siwezi kumdai. Nitakwenda tena.

Hilo ulilofikiri sikuliona, nililiona. Nimesimama mbele ya madarasa maisha yangu yote, nitashindwaje kumwona mtoto anayetamani kukaa? Karatasi ilikuwa inakutetemeka mkononi hata ikasikika. Ulitazama dirishani. Kisha ukaendelea.

Kwangu darasani, mwanangu, aliyejibu kwa sauti ya kutetemeka nilimpa alama zile zile.

Baba yako