Mama wa Ng'ambo ya Ziwa

Mabela, Maskati
Mwezi wa Shaabani

Mdogo wangu Tausi,

Assalaam alaykum. Goti lako vipi? Aliyeniletea salamu zako alisema siku hizi unaswali ukiwa umekaa kitini. Mimi ni mzima, na joto limeanza kupungua. Nambie kama michikichi ya mama bado inazaa, na nani anayekamua mawese sasa.

Nina ombi, lakini kwanza nikueleze lilikotoka.

Mjukuu wangu Rayya, binti wa Seif, ameposwa. Watu wa kijana ni Waomani waliotoka Unguja. Hapa kila aliyetoka Afrika huitwa Mzinjibari, hata mimi niliyeiona Unguja kwa kupita tu. Walikuja Alhamisi, wanaume wakakaa sebuleni, wanawake chumba cha pili, mlango wazi. Baada ya halua na kahawa, ami yake kijana akaniuliza kwa Kiswahili, kwa kunipa heshima:

"Nyinyi wa nani, mzee wangu?"

Kwa Kiarabu nisingekosea. Ningetaja baba, babu, kabila na kijiji cha Sharqiya, kama nilivyozoea tangu nihamie huku. Lakini swali lile ndilo tulilokuwa tukiulizwa mlangoni kwa kila nyumba pale kwetu Kalumbwe, na ulimi ukajibu wenyewe: "Mimi wa Zaituni, wa Mauwa, wa Kalunde, wa Nyangoma aliyevushwa."

Aliyevushwa. Hakuna aliyehitaji kuelezwa alivushwa ziwa vipi, na kwa bei gani. Watu walitazama vikombe vyao. Sauti ikatoka chumba cha pili, ya Bi Zuwena, bibi yake kijana:

"Mnanyamazia nini? Kwani nyie mmezaliwa na kabila? Mie nna mama yangu, na mama yangu alikuwa na wake!"

Wanawake walicheka. Wanaume hawakucheka.

Wageni walipoondoka, Seif akaniambia, "Baba, si ungeishia kwa Bibi Mauwa?"

"Niliulizwa."

"Uliulizwa kabila!"

"Basi angeniuliza kabila."

Ikabidi nimweleze mambo ambayo wewe unayajua. Babu zetu walitoka huku kufuata pembe, wakafika ziwani, wakaoa. Kisha wakavuka, na wengi hawakurudi. Baba aliacha jina. Nyumba, michikichi na watoto vilikuwa vya mama, ndiyo maana mtu wa Kalumbwe hujitaja kwa mama zake. Watu wa milimani walituita Waarabu, Waarabu wa pwani wakatuita Wamanyema, nasi tukaendelea kukaanga migebuka yetu. Katika vitabu vyote vya wasafiri nilivyosoma huku, nimeona mmoja tu anayetutaja, na anachokumbuka ni mbu. Seif alisikiliza kwa adabu. Yeye amezaliwa huku.

Jibu la watu wa kijana limekuja. Wamekubali, ila siku ya ndoa msemaji wetu awe mjomba wake Rayya, mimi nikae tu. Yaani, bila wao kujua, wamechagua upande wa mama. Nimeridhia. Ndoa ni ya mtoto.

Lakini juzi Rayya alikuja chumbani kwangu. Anafanya kazi benki huko Ruwi, na Kiswahili chake ni cha jikoni.

"Babu, huyo Nyangoma, mama yake nani?"

"Sijui."

"Hujui, au hutaki?"

"Sijui. Sisi wavulana tulitajiwa mpaka ufukweni. Wale wa ng'ambo hutajiwa wasichana, na bibi zao."

"Nani anawajua sasa?"

"Dada yangu."

"Peke yake?"

Nikamwambia ndiyo, kwa kuwa nawe pia Mungu alikupa wavulana tu, huna msichana wa kumtajia.

Msalimie shemeji yangu, mumeo, na mwanao mkubwa mwenye boti. Mwambie mashine asiikopeshe. Nisalimie mwalimu wa madrasa, kama bado anafundisha, na jirani yako muuza dagaa, ambaye najua ndiye atakayekusomea barua hii. Shikamoo yake naipokea.

Sasa ombi. Mwanao ana simu ya mkononi, na nasikia ukipanda kilima cha shule inashika. Nataka umpigie Rayya kabla ya harusi, ambayo ni baada ya Idi. Najua kwa kanuni yeye si wa kutajiwa: ni binti wa mwanangu, mama zake ni wengine kabisa. Sikuombi uivunje kanuni kwa ajili yangu. Nakuomba uzungumze naye, kisha uamue mwenyewe. Ukikataa, mwambie wewe. Akiambiwa nami atadhani ni ukaidi wa mzee. Ukikubali, taja polepole, maana ataandika. Mimi nitampa simu, nitatoka, na mlango nitaufunga.

Kaka yako akupendaye,
Khalfan