Sinia Nililolichemsha kwa Magadi

Susu,

Sinia liko salama. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeliuliza kwanza, hata kabla ya kuuliza kama nimekula.

Nimemaliza Kidato cha Nne, nangoja matokeo hapa Kitengela. Kitanda chako, nyanya yangu, nakilalia mimi. Na kwa wiki tatu sinia lako lilikuwa chini ya kitanda hicho, limefungwa kwa leso yako, nami nikimwambia kila mtu kwamba nimeliweka mahali pazuri.

Unakumbuka Jumapili ile uliyoniita jikoni, ukaniambia litakuwa langu? Ulipitisha kidole juu ya wale tausi wawili waliochorwa katikati, ukasema, "Hii sinia ni ya magadi, Mwende. Usisahau." Nikaitikia kwa kichwa. Nilitaka kuuliza, lakini ulikuwa umechoka, na mimi unanijua, swali hunikwama kooni mpaka mtu anaondoka.

Maombi ya kukukumbuka yalipokaribia, niliona limefifia na kuota madoa ya kahawia. Nikakumbuka maneno yako. Nikajaza karai maji ya moto, nikatia magadi, yale yale ya kulainishia maharagwe, tena si kidogo. Nikalizamisha. Baada ya muda likaanza kubanduka. Ngozi nyembamba ya manjano iliinuka ikaelea kama utando wa maziwa. Susu, nililia bila sauti. Nilidhani shaba ilikuwa rangi ya juu tu, na nimeitoa yote. Kitu kimoja uliniachia, nikakiharibu. Nikalikausha bila kulitazama, nikalificha.

Kisha Shangazi Kalekye akatuma habari kutoka Bisil kwamba anakuja, na kwamba chai ya wageni iandaliwe juu ya sinia la mama yake. Hapo woga wa kusema ukashindwa na woga wa kungoja.

Nilimpelekea Mzee Njuguna, yule anayeziba sufuria karibu na soko. Nilieleza kwa sauti ndogo hata akaniambia nirudie mara tatu. Halafu akacheka.

"Uliichemsha kama maharagwe ya githeri? Ilikuwa imekaribia kuiva?"

Alitoa sumaku ya spika ya redio kuukuu, akaipitisha upande wa chini. Haikushika popote, kwa hivyo ndani hamna chuma. Akakwaruza kidogo chini ya ukingo, mahali pasipoonekana, na manjano ikaendelea hadi ndani. Akaniambia nipapase mgongo wa sinia nisikie vishimo vya nyundo. Kisha akanionyesha manyoya ya tausi. Moja limechimbwa sana, kwenye la pembeni yake mkono uliteleza. Mashine, alisema, haitelezi.

"Hii ni shaba yenyewe, msichana. Kilichotoka ni vanishi, na ilikuwa imezeeka, ikaanza kuvimba. Maji yangeingia chini yake yalete ukijani."

Nikaketi kwenye debe lake bila kukaribishwa, mimi Mwende.

Alinifundisha kulitunza. Maji vuguvugu na sabuni, kitambaa laini, nilikaushe papo hapo. Likififia sana, ndimu na chumvi kidogo, lakini nisuuze haraka kwa sababu ndimu ikikaa inaacha alama. Waya wa kusugulia sufuria usilikaribie. Na ule weusi ndani ya michoro nisiuguse. "Ukiutoa, hao ndege watapotea," alisema.

Shangazi alipofika alisimama mlangoni akalitazama. Sikungoja aniulize. Nikamwambia yote, karai, utando, chini ya kitanda. Alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya leso.

Kumbe hukumaanisha magadi ya maharagwe. Ulimaanisha mji, Magadi kule Babu alikofanya kazi kiwandani, na jirani yenu Mhindi aliyewapa sinia siku anahama. Babu ndiye aliyelipaka vanishi ya milango, vumbi la soda ya kiwandani lisilile, na Shangazi anasema ulimgombeza wiki nzima kwa kuuzima mng'ao wake. Kwa hiyo nimekuonyesha, angalau, jinsi lilivyokuwa siku mlipopewa. Lakini wewe nawe, Susu. Ulilisema kwa mdomo, na mdomo hauna herufi kubwa.

Tulipanga vikombe juu yake na wote wakanywa. Kwa mara ya kwanza tangu tukuzike, nilikula nikashiba.

Nakuahidi nitalipangusa kila Jumamosi, na weusi wa tausi utabaki. Na jambo nisilolielewa nitamuuliza mwenye kulijua akiwa bado ameketi mbele yangu. Nimeshaanza. Nilimuuliza Shangazi yule jirani aliitwa nani. Hakumbuki. Anasema wewe ndiye uliyejua.

Lala vizuri, Susu. Sinia liko mezani sasa.

Mjukuu wako,
Mwende