Mchoraji Aliyenunua Mikeka Mitatu

Jumatatu, 11 Agosti

Sijamwambia mtu yeyote, hata Hanifa wa darasani. Nimempiga Bibi picha akiwa amelala. Mdomo wazi. Astaghfirullah!

Ningefanyaje? Baba yuko Doha mwaka wa nne, anataka picha ya mama yake iliyochorwa kwa mkono, ya rangi, kama kwamba yuko pale. Bibi hapigwi picha. Hata Baba akipiga simu ya vidio, Bibi huilaza kifudifudi na kuzungumza na mgongo wake. Miaka minne Baba anaona giza lenye sauti ya mama yake.

Binamu Swabir anasafiri Jumapili, ndiye atakayeibeba. Siku sita!

Nikaenda Kona ya Musa kwa Mzee Mwanzia, mchoraji. Nilimwamkia kwa sauti ya sisimizi, hakusikia. Akaitazama picha kwenye simu. "Huyu amelala au amefariki?" Mdomo atauchora umefungwa, asema, lakini macho yeye habuni. Picha yake mtu akipita huisalimia, akidhani ni mtu. Lazima ayaone macho yenyewe.

Nami na akili zangu nikamwambia: Bibi anauza mikeka.

Jumanne, 12 Agosti

Amekuja. Amenunua mkeka bila kuutazama mkeka. Alimtazama Bibi! Kichwa upande huu, kichwa upande ule, jicho moja kafumba. Mimi nyuma ya pazia, nakufa.

Alipoondoka Bibi akauliza, yule mwenye upara ana maradhi ya shingo?

Jumatano, 13 Agosti

Amerudi. Mkeka wa pili. Aliniambia pembeni eti rangi aliikosea: macho si meusi, yana kahawia ya tende. Akamwomba Bibi asogee kwenye mwanga. Na Bibi akasogea!

Jioni Bibi akaniita, kwa utani wake wa siku zote: "Mke mwenzangu, nitafutie wanja."

Hajapaka wanja tangu Babu afariki.

Alhamisi, 14 Agosti

Mkeka wa tatu. Nyumba nzima inanuka udi. Bibi ana asumini kichwani — kwa kuuza mkeka!

Mzee Mwanzia akaninong'oneza mlangoni: mwambie bibi yako asijipake kitu, la sivyo nitaanza upya. Nimwambie mimi? Mimi ninayeshindwa kuomba chumvi dukani?

Nikajaribu. Nikasema, Bibi, yule si Mwislamu. Bibi akakaza fundo la leso. "Atasilimu. Watu husilimu, mwanangu. Na ana adabu, siku tatu hajauliza bei."

Nikisema kweli, picha hakuna. Na Bibi siku hizi anacheka peke yake jikoni. Nani ana moyo wa kumwambia kwamba haposwi, anapimwa pua?

Ijumaa, 15 Agosti

Maafa! Baada ya swala Bibi amemwita Ami Salimu, mdogo wake Baba, aje kama walii wa kupokea posa. Kanzu, kofia, kila kitu. Na Mzee Mwanzia, niliyemwambia anikabidhi picha nyuma ya nyumba, amebisha hodi mbele na kitu kikubwa kimefungwa gazeti. Niko chumbani. Naandika ninachosikia.

Ami anamuuliza amekuja na nia gani.

"Njema, bwana. Macho haya yamenikosesha usingizi."

Ami anakohoa.

Gazeti linachanwa. Kiti kinasukumwa. Mtu amesimama!

"Laa ilaha illallah," asema Ami. "Mama, ni wewe! Utafikiri inataka kunituma dukani."

Kisha Bibi, kwa sauti ndogo: "Nani aliyekutuma?"

Ya Rabi, nimekwisha.

Nasikia Mzee Mwanzia anakunja gazeti. Analikunja tena. Kisha: "Hakuna, mama. Nimejituma mwenyewe."

Mwongo! Ama si mwongo? Sauti ile si ya biashara.

Ami: "Alhamdulillahi." Bibi: "Hii haitoki hapa."

Haitoki! Na Baba je? Swabir aende Doha mikono mitupu? Basi itanibidi niseme. Mbele ya Ami, mbele ya yule mzee, mbele ya asumini. Nitasimama. Nitahesabu mpaka kumi kisha nisimame. Nane. Tisa. Tisa na nusu —

Nyayo. Za Bibi.

"Mke mwenzangu! Njoo uone mtu alivyonitazama!"

Anakuja huku. Daftari — chini ya godoro — la, kwenye mto wa kulalia, ndani ya