Zulia Lililokatwa Vipande Kumi na Viwili

Mpendwa Mshauri,

Kabla sijakuomba msaada, ujue kwanza unaandikiwa na mtu mwenye bahati yake, maana mwaka jana kwenye maonyesho ya kilimo nilinunua tikiti moja tu ya bahati nasibu, moja, wenzangu walinunua kumi kumi, na nikaondoka na baiskeli mpya yenye taa na kengele, mpaka leo nikipita Ukunda watu wananipisha kama mkuu wa wilaya; na mimi si mtu wa kushangaa baiskeli, nimepika melini, nimefika Aden, nimefika Bombay, Kiingereza changu nilikiokota bandarini na ndicho kilichonipatia kazi hii ya karani wa ununuzi katika baraza la mji wetu, ambao jina lake nalificha kwa sababu bado napenda kula.

Sasa sikia uchungu wangu. Yule Mzungu aliyekuwa akitia saini kila kitu alipoondoka baada ya uhuru, madiwani wetu walikaa wakasema, na walisema haki, kwamba fedha za watu zisiwe mkononi mwa mtu mmoja, wakaweka kikomo: oda isiyozidi shilingi mia naidhinisha mimi, ikizidi mia lazima iende kamati ya fedha, ambayo hukutana kila baada ya miezi mitatu, na nakala ya kanuni hizo nimeitia humu bahashani usije ukadhani nakutungia. Kumbe kikomo kiliwekwa kwa kila oda, hakikuwekwa kwa kila kitu kinachonunuliwa. Mwenyekiti wetu akataka zulia la chumba cha mikutano, shilingi elfu moja mia moja na arobaini, dukani kwa shemeji yake Charo, na hakutaka kamati iulizwe, akaniambia, "Karani, wewe umetembea dunia nzima, hesabu ya kugawanya hukufundishwa?" Nikaandika oda kumi na mbili za shilingi tisini na tano, na Charo naye, ili karatasi ziseme kweli, akachukua mkasi akalikata zulia lile vipande kumi na viwili, na sasa madiwani wanajikwaa kwenye maungio kila wakiinuka kuzungumza, na anayeuliza anaonyeshwa karatasi, zote ziko chini ya kikomo.

Mwezi uliopita ukakatika mkanda wa injini ya kisima chetu cha baraza katika kijiji kimoja upande wa Kinango. Mkanda mpya unauzwa Mombasa kwa shilingi mia na thelathini, yaani thelathini tu ndizo zinazotuua. Nikavuka Likoni na oda mbili za sitini na tano, najiona mjanja wa wajanja, muuzaji akazitazama, akanitazama, akauliza, "Bwana, unataka nikupe nusu ipi kwanza?" Akanirudishia karatasi zangu. Kamati itakaa baada ya wiki sita.

Jumatatu akanijia katika chumba cha mikutano Mama Kanze, mkubwa wa akina mama wa kisima kile, ametembea tangu alfajiri, miguu vumbi tupu, na tarishi wetu hana haya, akamwambia asilikanyage zulia. Nikamwamkia, shikamoo mama, akaitikia marahaba, nikamweleza habari ya kikomo kwa upole na kwa mifano.

"Mwanangu," akaniambia, "sisi sasa twanywa bwawa moja na ng'ombe. Ng'ombe wametushinda kitu kimoja tu. Wao hawana kamati."

Mimi nikacheka. Yeye hakucheka. Akainama akaligusa zulia kwa kidole.

"Na hili lilingoja wiki ngapi?"

Mshauri, mimi niliyejibizana na manahodha na askari, nikaanza kupanga karatasi zilizokuwa zimekwisha pangwa. Watoto wawili wa kijiji chake wamelazwa Msambweni kwa kuhara, na mmoja ni mjukuu wake.

Na maudhi hayajaisha, kwa sababu juzi Mwenyekiti ameniamuru niandike pendekezo la vikomo vipya, kwamba mimi nishushwe hadi shilingi arobaini kwa kuwa makarani siku hizi "wanagawanya oda," hivyo ndivyo alivyosema, bila kupepesa macho, na yeye mwenyewe apewe elfu mbili peke yake bila kuuliza kamati. Nimekasirika mpaka nimetoboa karatasi kwa kalamu. Niandike na ninyamaze, au nimwumbue mbele ya baraza zima na mimi nife naye? Nimefikiri hata kuiuza baiskeli, ninunue mkanda kwa mfuko wangu, yaishe.

Ila baiskeli ile sikuishinda. Sikununua tikiti hata moja. Alinipa Charo, siku niliyotia saini oda ya kumi na mbili.

Karani wa Ununuzi,
Pwani ya Kusini

JIBU

Ndugu Karani,

Nimekusoma nikacheka mara mbili, kisha nikafika kwa mjukuu wa Mama Kanze nikaacha kucheka. Wewe hukuonewa. Mwenyekiti amekugeuzia kisu ulichomnolea mwenyewe. Hasira yako ni ya haki, lakini ilikuwa wapi ulipokuwa ukiandika oda ya pili, na ya tano, na ya tisa? Kumi na mbili, bwana. Kukosea ni mara moja, hizo nyingine ni kazi.

Hata hivyo mstari wako wa mwisho hakuna aliyekulazimisha kuuandika, na kwa ajili ya mstari huo nitakusaidia.

Kanuni ulizonitumia zina ukurasa wa pili, ambao naona hukuufikia. Ukurasa huo unasema madiwani watatu wakitia saini, kamati huitwa ndani ya siku tatu. Unangoja wiki sita na dawa iko ndani ya saraka yako. Kesho asubuhi watafute hao watatu, uanze na diwani wa upande wa Kinango, maana waliompigia kura ndio wanaokunywa na ng'ombe. Jambo la kwanza kwenye kikao liwe mkanda.

Pendekezo la vikomo liandike, umeamriwa, lakini liandike kwa akili yako, si kwa yake. Kikomo kihesabiwe kwa kitu kizima, hata kikigawanywa karatasi mia. Asiwepo mtu wa elfu mbili peke yake, awe mwenyekiti, awe malaika. Kisima kikiharibika au dawa zikiisha, saini mbili zitoshe, na kamati iarifiwe ndani ya wiki. Na diwani ambaye shemeji yake ndiye mwenye duka atoke nje wenzake wakiamua. Kisha ambatanisha zile oda zako kumi na mbili, zote, ili wasiulize kwa nini unataka hayo.

Baiskeli usithubutu kuiuza. Kisima ni cha baraza na baraza ndilo lilipe. Ukinunua mkanda kwa hongo, umemfutia Mwenyekiti kosa lake kwa mali ya shemeji yake, na mwaka ujao atanunua mapazia. Ipeleke baiskeli kwa mkuu wa wilaya pamoja na barua ya mkono wako, na usiondoke bila stakabadhi. Huenda ukafukuzwa kazi, sikufichi. Ulipika melini, utapika tena, na watu hula kila siku.

Na usimngoje Mama Kanze arudi kukuuliza. Safari hii nenda wewe kwake, na usiende mikono mitupu. Nenda na mkanda.