Samaki Niliyekudanganya Naye

Mpendwa Papa,

Tangu uondoke siwezi kutulia. Mama anasema naizunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Naanza kula, naacha sahani, natoka barabarani, narudi bila kukumbuka nilifuata nini. Hata barua hii naiandika nimesimama, karatasi iko juu ya friji isiyo na umeme.

Unakumbuka ulivyonianzisha? Sikuwa mtoto, nilikuwa na ndevu tayari. Uliishusha kutoka juu ya kabati ile fimbo ndefu ya kuvulia uliyoachiwa na padri uliyemfanyia ukarani Bukavu. Ndiye aliyekufundisha kuvua kwa nzi wa manyoya, ile ndoana ndogo inayofungwa unyoya wa kuku mpaka samaki aidhanie mdudu. Ukanisimamisha katikati ya ua wetu hapa mtaa wa Mapendo, juu ya mawe meusi ya volkano, bila tone la maji. Ndoana hukufunga. Ulifunga kipande cha uzi mwekundu wa sweta ya Mama, ukaniambia nirushe kamba nyuma, kisha mbele, mpaka uzi uangukie ndani ya beseni. Jirani yetu Mama Furaha alichungulia juu ya ukuta akauliza kama unanifundisha kuchunga ng'ombe wa hewani. Ulicheka hadi ukakohoa.

Sikuwa mwanafunzi mzuri. Kamba ile ni nzito, lazima uiache iende nyuma yote, inyooke, ndipo uilete mbele. Mimi niliivuta mapema, ikanirudia usoni, ikanizunguka shingo. Hukunifokea hata mara moja. Ulisema tu, "Acha kamba inyoroke kwanza. Ni nani iko anakufukuza?" Nilikasirika, kwa sababu hakuna aliyenifukuza na bado nilikuwa nakimbia. Nilitaka twende ziwani siku ileile. Ukasema twende mvua zikipungua. Zilipopungua ulikuwa umelazwa hospitalini.

Pale kitandani hukuniuliza habari za kazi wala za nyumba. Kila siku uliuliza kama nimeshavua. Nami nilikuwa nakwenda, Papa, hilo niamini. Kila Jumamosi nilisimama ufukweni, pale mawe meusi yanapoingia majini, na kila Jumamosi samaki waligusa, wakavuta kidogo, wakaenda zao. Siku daktari aliponiita pembeni, nilipita soko la Kituku nikanunua tilapia mmoja mnene, nikakuletea. Nikasema nimemvua mwenyewe.

Ulimpokea kwa mikono miwili. Ukapitisha kidole gumba ndani ya mdomo wake, polepole, ukitafuta tundu la ndoana. Tundu halikuwepo. Alama za wavu zilikuwepo, kuzunguka mashavu yote. Ukanitazama muda mrefu.

"Na kamba, ulingoja inyoroke?"

"Ndiyo, Papa."

"Iko muzuri," ukasema, ukamwomba Mama amchemshe. Ulikunywa vijiko vitatu vya mchuzi, wewe uliyekuwa umekataa chakula siku mbili. Wiki haikuisha tukakuzika.

Ulijua. Hilo ndilo linaloninyima usingizi na kuniinua kwenye kiti. Niliungama kanisani, nikapewa sala chache kana kwamba nimeiba sukari. Sikutaka sala, nilitaka samaki. Nikarudi ziwani Jumamosi iliyofuata, na nyingine, na nyingine, nikiwatukana samaki kwa Mashi, lugha ya nyumbani kwetu, ili watu wasielewe.

Siku moja nilijaribu ndoana kwenye ukucha, ikateleza. Haikuwa na ncha. Kumbe kila nilipoirusha kamba nyuma, ndoana ilikuwa inajigonga kwenye mawe mgongoni mwangu, na mawe yetu hayana huruma. Uani kwetu uzi wa sweta uliyagonga mawe hayohayo bila kudhurika, kwa hiyo sikuwahi kugeuka kuangalia. Miezi yote hiyo nilikuwa nawapa samaki unyoya watafune! Nilicheka peke yangu pale kama kichaa. Halafu nikakukasirikia, Papa, kwamba hukuniambia. Halafu nikaelewa kwamba hilo lilikuwa somo la ziwani, na ziwani hatukuwahi kufika pamoja. Nikalia, nikaona haya mbele ya wanawake waliokuwa wanafua.

Jumamosi hii nilifunga ndoana mpya, nikaingia majini hadi magotini, nikarusha kamba sambamba na ufukwe, mbele maji na nyuma maji. Mara ya sita au ya saba kitu kilivuta, na safari hii hakikuniachia. Tilapia, si mkubwa, urefu wa kiganja changu, ndoana imeingia pembeni mwa mdomo pale ulipotafuta na kidole chako.

Sikukunja hata kamba. Nilipanda barabara mbio, fimbo mkono mmoja na samaki mkono mwingine, wenye pikipiki wakinipisha na kunicheka. Nilisukuma mlango wa ua nikaita, "Papa, njoo uone!" Niliita mara mbili kabla sijakumbuka. Mama alitoka jikoni na unga wa kusongea bukari mikononi, akanipokea fimbo.

Nilikudanganya, Papa. Yule wa kwanza alikuwa wa sokoni. Huyu nimemvua mimi, na wewe ndiye niliyetaka umwone.

Pumzika, Papa, na unisamehe.

Mwanao