Kuku Niliowachinja Mwenyewe

Shikamoo mama,

Kariakoo kuna joto, lakini Jumamosi nilitetemeka. Jumuiya ya shangazi, wale wanaosali nyumba kwa nyumba, walizibua mtaro wa mtaa pamoja na majirani Waislamu, halafu wote walikuwa waje kula kwetu. Mimi na kiherehere changu nikachinja kuku watano mapema, eti nisaidie. Shangazi aliporudi akashika kichwa: "Umechinja mwenyewe? Kuku wa shughuli anachinjwa na Mzee Salumu, Mwislamu, ili wote tule!"

Watu walishaanza kunawa mikono. Shangazi akasimama mlangoni akawaambia ukweli wote. Mama, nilitamani ardhi inimeze.

Mzee Salumu akanitazama wee, kisha akauliza, "Maharage yapo?"

Yalikuwepo, sufuria moja. Tukagawana vijiko viwili viwili. Kuku wakabaki jikoni wananukia, na hakuna Mkristo hata mmoja aliyewagusa mpaka wageni walipoondoka.

Nakukumbuka sana, mama. Mwambie baba nitachelewa kurudi. Kesho Jumamosi tena, wote wanakuja kula, na kuku wapya wamefungwa miguu hapa mlangoni, wazima, wanamsubiri Mzee Salumu.

Mwanao, Tumaini