Sauti Kumi na Moja za Mama Everlyne

Jumatatu, 3 Machi
Uji, dawa ya presha, halafu sauti moja ya mke wangu, mama Everlyne. Hivyo kila asubuhi tangu tumzike. Ziko kumi na moja. Alinitumia kwa simu akiwa wodi, kwa sababu alijua mimi kusoma ni kwa kuvuta. Leo ile ya sweta. Ananigombeza vizuri.
Halafu simu ikaandika kwa rangi nyekundu: SIMU YAKO INA VIRUSI 13. BONYEZA HAPA. Sikubonyeza. Mimi si mjinga.

Jumanne, 4 Machi
Virusi kumi na tatu. Sauti kumi na moja. Hesabu mbaya.
Krismasi binti yetu Everlyne alitaka kuweka hizo sauti mahali pengine, eti kwa mtandao. Nilikataa. Watu wasikie bibi yangu akiniita mpenzi?
Leo nimetoa laini. Mama alinifikia kwa laini, basi sauti iko kwa laini. Nimeifunga kwa leso, ndani ya Biblia. Virusi wabaki na simu tupu. Hapa Bondeni hakuna mwingine angefikiria hii.

Jumatano, 5 Machi
Fundi wa simu ni mama wa miwani, karibu na soko. Akasema, "Mzee, hii ni tangazo tu. Wanataka ubonyeze. Simu haina kitu."
Tangazo limejuaje simu yangu? Nikamwambia afute yote.
"Yote yote? Hakuna kitu unaweka?"
"Mathe, nimekaa karakana ya reli miaka thelathini na moja. Cha maana nimeshatoa."
"Haya, boss. Ni wewe umesema."

Alhamisi, 6 Machi
Nimerudisha laini. Majina yamerudi. Hata yule wa maziwa aliyehamia Molo. Jina la mama liko. Sauti hakuna. Nimezima, nimewasha. Nimepangusa laini na shati. Hakuna.
Nikapiga namba yake. Nilijua hatashika. Nilipiga tu.

Ijumaa, 7 Machi
Fundi tena. Anasema laini inabeba namba na majina. Sauti zilikaa kwa simu yenyewe. Na hawezi kuzirudisha.
Jina likae hapa, sauti ikae pale, na mtu ni mmoja? Sielewi. Na kama virusi hawakuwepo, nani amekula mama?
Ni mimi.

Jumamosi, 8 Machi
Uji. Dawa.

Jumapili, 9 Machi
Kutoka kanisani nimeenda mtaa wa Section 58 kwa Everlyne. Kwa miguu. Sikutaka kumwambia. Nikamwambia. Nilingoja aseme, baba, si nilikuambia. Alileta chai, akakaa karibu, akafungua simu yake. Anayo moja, mama alimtumia yeye. Mama anakohoa, halafu anasema maharagwe yachemshwe mara mbili, chumvi iingie mwisho. Basi. Mimi hata sijatajwa.
Nikasema rudia. Akarudia.
Akauliza kama anitumie. Nikamuuliza, ukinitumia, kwako itabaki? Akasema itabaki. Hii nayo sielewi, kitu kimoja kulala nyumba mbili. Nikamwambia acha ikae kwako kwanza. Nitakuwa nakuja.